Kebini ya Upande wa Mlima

Alhamisi ya tarehe tisa Machi, mwaka wa 1995, saa kumi na mbili na robo asubuhi, ndipo mambo yalipoharibika. Saa hiyo Watiri wa Endarasha, mama wa miaka sabini na moja, mkulima wa viazi na mwenye ng'ombe wawili, alitoka kitandani ndani ya meli ya watalii, akafungua mlango wa kebini yake, akasimama kwenye roshani juu ya bahari, na hakuonekana tena. Meli ilikuwa imetoka Mombasa jana yake jioni kuelekea Komoro. Ilizunguka pale mpaka adhuhuri ikimtafuta, halafu ikarudi. Badala ya Watiri, ikamleta Njoki, msichana wake wa kazi wa miaka ishirini na minne, aliyemsindikiza. Njoki akaingizwa seli akiwa bado amevaa sweta aliyofumiwa na huyo mama.

Faili ilipanda mpaka Nyeri Jumanne iliyofuata. Ilikuwa na kurasa nne. Mtu wa miaka sabini na moja, kurasa nne.

"Soma hapo nimepiga mstari," alisema Inspekta Miriti.

Sajini Kihara alisoma polepole, kidole kikifuata maneno. Shule aliiacha darasa la saba, na Kiingereza alijifunza kwa kuandika mashtaka ya watu.

"Wanasema msichana ndiye alichagua kebini ya balkoni."

"Mwandiko kwa fomu ni wake. Mama hakujua kusoma. Sasa mtu akimchagulia mzee balkoni, na huyo mzee hajawahi hata kuvuka mto bila daraja, anataka nini? Anataka mahali pa kumsukumia."

"Kebini zingine hazina balkoni?"

"Zingine ni za ndani, ukuta pande zote. Huwezi sukuma mtu kwa ukuta akapotea." Miriti alifunga faili. "Kazi yako ni moja. Nenda kwa ile ofisi ya safari, uandikishe kwamba fomu ilijazwa na msichana. Ijumaa anapelekwa kortini kusomewa mauaji."

"Na kama si yeye alichagua?"

"Kihara, wewe unaulizanga maswali kama mtu analipwa kwa swali."

Kihara alichukua faili. Miaka mitatu iliyopita, mke wa Kihara alipokufa, daktari mkubwa alikuwa ameifunga faili yake kwa mistari miwili, bila hata kuuliza alikuja hospitali saa ngapi na aliachwa kwenye benchi mpaka saa ngapi. Tangu hapo hakuamini faili fupi. Maskini akifa, wakubwa hutaka jibu lililo karibu, na hakuna aliye karibu kuliko msichana wa kazi.

* * *

Ofisi ya safari ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mbolea. Karani alikuwa Kagendo, mwanamke wa Chogoria, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa nailoni. Aliposikia jina la Watiri aliacha kupiga taipu.

"Cucu, yule bibi mzee, alikufa kweli?"

"Hajapatikana. Nionyeshe fomu."

Kagendo aliitoa kwenye kabati. Kihara aliiweka karibu na dirisha. Jina, umri, kijiji, yote yalikuwa kwa kalamu ya buluu, mwandiko wa mviringo wa mtu aliyefika kidato cha pili. Chini yake dole gumba la zambarau. Mahali pa namba ya kebini palikuwa na 512, lakini hiyo ilikuwa kwa kalamu nyeusi, na ile tarakimu ya moja ilikuwa na mkia.

"Hii namba iliandikwa na nani?"

"Si Njoki. Hiyo ni mwandiko ya mwenzangu. Mimi nilikuwa nimeenda matanga nyumbani."

"Ngoja. Tuanze mwanzo. Walikuja lini?"

"Jumatatu, tarehe ishirini Februari. Walikuja na barua ya Ushirika wa Maziwa wa Gathima-ini. Ile kampuni iliwauzia matangi ya maziwa iliwapa nafasi mbili za meli, zawadi. Mwenyekiti akasema nafasi iende kwa mwanachama mzee kuliko wote, na mtu wa kumsaidia. Wakapigiwa makofi. Barua ilisema wachague kebini yoyote."

"Nani alisema balkoni?"

Kagendo alicheka kidogo, halafu akakumbuka akaacha. "Njoki hakutaka kabisa! Mimi niliwaonyesha ya ndani kwanza. Njoki akasema, 'Hii ndiyo nzuri, cucu, hatutaona maji.' Cucu akauliza, 'Dirisha iko wapi?' Nikamwambia haina. Akaniambia, 'Wakati wa Emergency ya mkoloni nilifungiwa nyumba haina dirisha miezi tisa. Sasa nirudi huko na nguo ya kanisa?' Cucu akasema anataka ile mlango inafunguka nje, kama nyumba ya mtu."

Kihara aliandika maneno hayo kama yalivyosemwa. Kisha akamsomea Kagendo, na Kagendo akatia sahihi. Mstari wa Inspekta Miriti ulikuwa umekatika, na ilikuwa bado saa nne asubuhi.

"Basi msichana aliandika tu alichoambiwa," alisema. "Na upande? Mama alichagua upande gani wa meli?"

"Hapo ndio palikuwa na maneno." Kagendo alivuta kiti. "Nilitandika mchoro wa meli hapa mezani. Cucu akauliza, 'Asubuhi ya kwanza, Mlima utakuwa wapi?' Yaani Mlima Kenya. Nikacheka. Nikamwambia, cucu, baharini hakuna mlima. Akaniangalia hivi! 'Sikuuliza kama utaonekana. Nimeuliza utakuwa wapi.'"

"Ukamjibu?"

"Nilitoa ramani ya Kenya kwa ukuta. Tukaweka mchoro juu yake, pua ya meli ikiangalia chini, kuenda Komoro. Akaanza kuugeuza, mara hivi, mara hivi. Simu ikalia nikaenda kushika. Niliporudi alikuwa ameshachovya dole gumba kwa wino ya stempu na kupiga alama juu ya kebini anayotaka. Hajui namba, sasa akaitia kidole. Nikataka kuandika namba, akakunja mchoro akatia kwa kiondo. Ati kwanza aonyeshe watu wa nyumbani, ataurudisha Ijumaa."

"Alama ilikuwa upande gani?"

"Sajini, siwezi kuapa. Karatasi ilikuwa imegeuzwa juu chini."

"Una mchoro mwingine?"

"Ulikuwa huo mmoja tu. Tulikuwa hatujawahi uza safari ya meli hapa Nyeri."

Kihara alipiga mstari chini ya neno *mmoja*.

"Sasa 512 ilitoka wapi?"

Kagendo alifungua daftari la simu. Alhamisi, tarehe ishirini na tatu Februari, mwenzake alikuwa ameandika: *Ushirika wa Gathima-ini. Watiri na Njoki, 512. Mgeni wa Ushirika, 514.*

"Mwenzako yuko?"

"Aliacha kazi. Ako Nairobi."

"512 ni upande gani?"

"Namba za kugawanyika kwa mbili ziko kushoto, zingine kulia. Zinaanza mbele zikienda nyuma." Kagendo alisimama katikati ya ofisi, akanyoosha mikono kama mtu anayeelekeza magari. "Meli ikienda kusini, kulia kwangu ni nchi kavu. Kushoto ni bahari tupu. Hata mashua haipiti."

"Na 514 ni ya kufuata, nyuma yake."

"Ndiyo. Hizo mbili zimepakana. Kwa ukuta wa balkoni kuna mlango mdogo, wa watu wa familia moja. Mtumishi wa meli huufungua ukimwomba."

Kihara alifunga kitabu chake. Alikuwa ametumwa kuleta jibu moja, na sasa alikuwa na chumba cha pili.

* * *

Landirova ya kituo haikuwa na mafuta kesho yake, kwa sababu mkubwa fulani alikuwa ameitumia kupeleka watoto wake shuleni na magodoro yao. Kihara alipata nafasi kwenye lori la maziwa lililokuwa linarudisha mitungi mitupu, akafika Endarasha saa tatu.

Nyumba ya Watiri ilikuwa ya mbao na mabati, na shamba la viazi likishuka nyuma yake. Mzee mmoja mwenye koti la mvua alikuwa akikata majani ya ng'ombe. Huyo alikuwa Ndungu, jirani, ndiye aliyeachiwa ufunguo.

"Mnakuja leo?" aliuliza Ndungu. "Mtu amepotea wiki nzima. Angekuwa mbwa wa mzungu mngekuja na ndege."

"Ningekuja jana, mzee, lakini gari ilikuwa inabeba magodoro."

Ndungu alimpima kwa macho, akaona kifungo cha koti la Kihara kilichoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine, mishono ya mwanamume aliyejishonea. Akatoa ufunguo.

Kihara hakuingia mara moja. Alisimama mlangoni akatazama nje. Nyumba zote za barabarani ziliangalia barabara, lakini hii ilikuwa imeipa barabara kisogo. Mlango wake uliangalia mashariki, mahali ambapo wingu zito lilikuwa limekaa kama blanketi.

"Mlima uko hapo?"

"Uko wapi tena? Kila asubuhi Watiri anafungua mlango, anasimama hapo ulipo, anaomba. Mkristo wa miaka arobaini, mama wa kanisa, lakini anaomba akiangalia hapo, kama wazee wa zamani walioamini Mungu anakaa Mlimani. Pasta alimkemea. Akamwambia, 'Pasta, wewe unaangalia ukuta ukiomba, na mimi sikusemi.'"

"Hata kukiwa na wingu?"

"Wingu linahamisha mlima?"

Ndani, ukutani, karibu na kalenda ya kanisa, palikuwa na mchoro wa meli umebandikwa kwa uji.

"Uji?" Kihara aliuliza.

"Gamu ni ya watu wa ofisi. Alitaka kila mtu aone mahali atalala. Ijumaa nikamwambia, si ulisema utarudisha karatasi? Akasema mwenyekiti amemtumia neno kwamba chumba kimeshaandikwa kama alivyotaka, asijisumbue. Akafurahi sana."

Kihara alisogea. Alama ya dole gumba ilikuwa hapo, ya zambarau, mistari yake ikionekana mmoja mmoja. Aliutoa mchoro taratibu, akaulaza mezani, pua ya meli mbele yake. Alama ilikuwa kulia, karibu na mkia wa meli. Kebini 523.

Akachora msalaba wa pande nne za dunia kwenye kitabu chake. Meli inaenda kusini. Mlima uko kaskazini-magharibi ya Mombasa. Basi Mlima uko nyuma ya meli, upande wa kulia. Mama asiyejua kusoma alikuwa ametia kidole chake mahali ambapo hata nahodha asingemrekebisha.

"Mzee Ndungu, ile wiki ya tarehe ishirini Februari, alipotoka Nyeri, alienda mahali pengine? Mweiga, kwa mwenyekiti?"

"Hakwenda. Jumanne na Jumatano yote tulikuwa hapa na huyo ng'ombe mwekundu. Ndama alikuja miguu ya nyuma kwanza. Watiri hakutoka zizini hata kuoga."

"Na ana ugomvi na mtu?"

Ndungu aliweka panga chini. "Afande, wewe ni wa wapi? Hujasikia mambo ya Gathima-ini? Ile ardhi ya chemchemi ya ushirika, ekari tatu. Mwenyekiti, huyu Ngatia, anasema ni ya baba yake. Baraza la ardhi linakaa tarehe ishirini na mbili. Wakati mpaka ulikatwa, watu saba walipanda matoka, yale maua ya mpaka. Mtu hang'oi matoka, na aliyepanda ndiye anasema yalipandwa wapi. Ngatia alilima pale na trekta mwaka jana. Sasa hakuna maua, kuna watu. Na wale watu wote wameenda, isipokuwa Watiri."

"Wote saba?"

"Watano tuliwazika. Mmoja aliondoka zamani, hata sijui kama anaishi. Na Watiri." Mzee alichukua panga tena. "Mimi nilimwambia asiende kwa meli. Akaniambia atarudi tarehe kumi na nane, atapumzika siku nne, halafu atawaonyesha mahali pa kila ua."

Kihara alitia mchoro kwenye bahasha, akaandika saa na tarehe juu yake, na Ndungu akatia sahihi kama shahidi.

* * *

Mwenyekiti Ngatia alikuwa na ofisi Mweiga, yenye zulia. Wakulima waliokuwa wakingoja benchini nje walikuwa na matope mpaka magotini, na hapakuwa na zulia upande wao. Alimkaribisha Kihara kwa chai na mandazi, akasikitika vizuri sana. Alikuwa ameshamwambia katibu aandike maneno ya rambirambi.

"Mama yetu. Nguzo ya ushirika. Na msichana tulimwamini, bwana sajini."

"Ni wewe ulipiga simu kwa ofisi ya safari, mwenyekiti? Alhamisi, tarehe ishirini na tatu?"

"Ni mimi. Nilitaka mama awe na chumba kizuri."

"Alikuwa amechagua kingine?"

"Alikuja mwenyewe hapa. Alikaa kwa hiyo kiti umekalia. Jumatano. Akaniambia, 'Mwanangu, nataka kuona maji. Nikiamka nataka kuona bahari tu, hakuna kitu kingine.' Ungemnyima?"

Kihara alikunywa chai. Ilikuwa na sukari nyingi.

"Jumatano asubuhi ama mchana?"

"Mchana. Nakumbuka alikuwa amevaa ile nguo yake nyeupe ya kanisa. Safi kabisa."

"Safi," Kihara aliandika. "Halafu ukachagua 512."

"Nikachagua 512."

"Kwa mchoro?"

"Kwa mchoro, ndiyo. Nilitazama mchoro wa meli nikaona hiyo ni nzuri."

"Uliutazamia wapi?"

"Hapa hapa. Mama alikuja nao."

"Anautoa kwa kiondo?"

"Kwa kiondo."

"Ulikuwa na alama yoyote?"

Ngatia alisita kwa muda wa mtu kumeza andazi. "Hapana. Ulikuwa msafi tu. Alama ya nini?"

Kihara aliandika pia hilo. Wakubwa huwa hawakosei kwa sababu ya ujinga. Hukosea kwa sababu hawafikirii kwamba mtu asiyejua kusoma ana jambo lake analolitaka. Kwa Ngatia, kikongwe wa Endarasha alikuwa kama mtungi wa maziwa: unauweka kushoto au kulia, hauulizi.

"Na 514, mwenyekiti? Ya mgeni wa ushirika?"

"Hiyo ilikuwa ya mtu wa kampuni ya matangi. Hakusafiri. Ilikaa tupu."

"Jina lake?"

"Nitakutafutia." Ngatia alitazama saa yake ya dhahabu. "Sajini, unaniuliza kama mimi ndio nilikuwa kwa hiyo meli. Alhamisi tarehe tisa nilikuwa kwa mkutano wa chifu, hapa Mweiga, saa nne. Si hata wewe ulikuwa pale, umesimama nyuma ya viti?"

"Nilikuwa. Nilikuona ukihutubia."

"Basi."

"Basi," alisema Kihara, akainuka. Mkutano ule ulianza saa nne, na hakuna mtu anayetoka katikati ya bahari saa kumi na mbili akawa Mweiga saa nne. Ngatia alikuwa anadanganya, na Ngatia hakuwa melini. Yote mawili yalikuwa kweli.

Mlangoni aligeuka. "Andazi ni tamu. Lakini huu mchoro haukuwa msafi, mwenyekiti. Ulikuwa na kidole."

Hakungoja kuona sura yake. Sura haiandikwi kwenye faili.

* * *

Saa kumi jioni alipata laini ya Mombasa. Inspekta Miriti alikuwa amekaa mezani, mikono imekunjwa, fomu na mchoro na maandishi ya mashahidi yamepangwa mbele yake. Alikuwa ameyasoma mara mbili na hakuwa amefurahi hata mara moja.

Inspekta wa kule bandarini alikuwa mtu mpole wa pwani. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Haya, bwana sajini. Maneno yako yana uzito. Waniomba nini?"

"Dakika tano na msichana, afande. Kuna kitu hakuulizwa."

"Taarifa yake ninayo hapa, kaitia sahihi."

"Iliandikwa kwa Kiingereza, afande?"

Karatasi ilisikika ikifunuliwa. "Kwa Kiingereza, naam. Ngoja aitwe."

Sauti ya Njoki ilikuja nyembamba, kama inapita kwenye tundu la sindano. Kihara alimsalimia kwa Kikuyu, na upande wa pili mtu alianza kulia.

"Utalia baadaye, mama. Sasa nijibu kwa Kiswahili, na afande asikie. Mlipoingia kebini, cucu alisema nini?"

"Alisema si hii. Alisema yake ilikuwa ingine. Nikamwambia, cucu, meli ni kubwa, tusisumbue watu. Akanituma nimuulize mtumishi nyumbani ni upande gani. Mtumishi akatuonyesha. Ilikuwa nyuma ya kitanda, huko kwa ukuta, kwa kona. Cucu akakaa akafikiria. Akasema, 'Basi nitaipa bahari mgongo.'"

"Mgongo."

"Ndiyo. Kesho yake nikiamka niko na kichefuchefu, nimeenda choo, nimefunga mlango. Yeye akatoka nje kuomba."

Miriti aliinua uso. Kihara tayari alikuwa anachora, kipokezi kikiwa kati ya bega na sikio. Roshani ya kushoto. Mlima nyuma, kulia. Mama anayeomba akiangalia Mlima kutoka hapo anaipa bahari mgongo, uso kwenye kona ya nyuma ya roshani. Na kwenye kona hiyo kulikuwa na nini? Ukuta wa kupakana na 514, na mlango wake mdogo.

Hakuwa ameinama kutazama maji akateleza. Na hakuna mtu aliyemnyemelea. Mlango ulifunguka mbele ya uso wake.

"Njoki. Alipiga kelele?"

"Hapana. Ningesikia. Nilisikia akiongea."

"Akiongea na nani?"

"Nilidhani anaomba. Cucu anaongeanga na Mungu hivyo, kama jirani wake."

"Alisema nini? Neno kwa neno."

"Alicheka kidogo. Akasema, 'Kumbe ni wewe. Hata wewe umezeeka.'" Njoki alivuta pumzi. "Nilidhani ni maombi, afande. Nilirudi nikalala kidogo. Nikiamka mlango uko wazi."

"Mbona hukuwaambia hayo?"

"Hakuna mtu aliniuliza. Waliniuliza tu kama naweza kuandika."

Inspekta wa bandarini alirudi kwenye simu. Alikuwa amesikiliza. Alisema hatampeleka msichana kortini Ijumaa, ataomba siku kumi na nne, ila anahitaji maandishi kutoka Nyeri, yenye sahihi ya mkubwa, kabla ya kesho adhuhuri. Na 514, aliongeza, haikuwa tupu. Ufunguo wake ulichukuliwa Jumatano jioni na kurudishwa Ijumaa meli ilipofunga gati. Kwenye orodha ya abiria pameandikwa tu: *mgeni wa Ushirika*.

Kihara aliweka simu chini. Alivuta taipureta, akaandika kwa vidole viwili, akamsogezea Miriti karatasi. Miriti aliisoma, akazungusha kalamu.

"Ngatia ni rafiki ya DO, mkubwa wa tarafa. Unajua hilo?"

"Najua, afande."

"Nikitia sahihi hapa, ni mimi nitaulizwa."

"Ukikosa kutia, ni Njoki atanyongwa."

Nje, kwa mara ya kwanza siku hiyo, wingu lilikuwa limepasuka na kilele kimoja kimejitokeza, cheupe. Miriti hakukitazama. Alitia sahihi haraka, kama mtu anayeng'oa jino, akarudisha karatasi. "Huu mstari wa mwisho sio ripoti. Ni swali."

"Ni swali, afande. Jibu sina."

Ulikuwa umeandikwa hivi: *Watu saba walipanda matoka ya Gathima-ini. Watano wamezikwa, wa sita tumempoteza baharini, na wa saba aliondoka zamani, hatujui aliko. Tunaomba kujua: ni nani aliyefungua mlango wa 514, ambaye mama huyu alimwona uso kwa uso baada ya miaka mingi, na badala ya kupiga kelele akamsalimia?*